Zamu ya Maji, Zamu ya Ndege

…na bado wanataka yeye mwenyewe ndiye aseme ndiyo, yaani haitoshi kumchinjia mbuzi wake, wanataka na kisu awashikie, maana Dokta Primus hakusema kozi yake inafutwa, hapana, mwenyekiti wetu ni mtu wa adabu, katoka Kibosho, kalelewa na masista, yeye alichosema ni, "Madam Gladness, basi tuandike kwamba huna pingamizi?" kisha akavua miwani akaanza kuifuta kwa ncha ya tai, na Flavia, katibu wa kikao, ameinua kalamu ameisimamisha juu ya karatasi, na kamati nzima ya mitaala, watu wazima na digrii zao, imegeuza shingo kumtazama mwanamke mmoja wa Mwika aliyeshika kikombe cha chai ambacho hata sukari hajatia… eti huna pingamizi, pingamizi analo, limemkaa kooni kama tonge la ugali wa moto, halimezeki wala halitemeki, na lingekuwa limeshatemeka zamani kama si hiki kilichomo kwenye mkoba wake, hapa mapajani, katikati ya pochi na leso, jani la isale lililofungwa fundo, jani alilolipokea asubuhi hii hii kwa mikono yake miwili, hakuna aliyemlazimisha, akasema na asante juu yake, Ruwa wangu, Mungu wangu, asante ya nini?

Alikuja ofisini kabla kikao hakijaanza, Dokta mzima, akabisha hodi na mlango uko wazi, akaingia akaufunga nyuma yake, na badala ya Madam akamwita Mama Lucky, hapo ndipo alipopaswa kushtuka, maana Primus akikuita kwa jina la mwanao ujue ana shida, "Mama Lucky, za asubuhi, za nyumbani, Lucky hajambo?" na huku mkono unapapasa mfukoni mwa koti, ukatoka na isale, bichi kabisa, bila shaka kalikata hapo nje kwenye ua wa chuo karibu na maegesho, akalishika kwa mikono miwili kama mtu anayepokea ekaristi, akasema, "Nisamehe." "Nikusamehe nini, Dokta?" "Wewe pokea tu, mama, tusaidiane," naye akapokea, angefanyaje, isale halikataliwi, mtoto wa mlimani analijua hilo kabla hajajua kuhesabu, mtu akikuulia ng'ombe, akikuvunjia ndoa, akija mlangoni na lile jani refu la kijani tunalopanda kwenye mipaka ya vihamba, mashamba yetu ya migomba, amelipiga fundo, unasamehe, ukikataa laana inakurudia wewe na kizazi chako, wazee waliliweka hivyo, na wachungaji walipokuja na vitabu vyao vya nyimbo hawakuthubutu kuling'oa… na Primus, akiwa tayari ameshika kitasa, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo, akageuka, "Na ile nafasi ya mkuu wa idara mpya, mimi naona ni yako kabisa," akatoka, akamwacha na jani mezani, naye akakaa akilitazama kama mjinga, hajui anasamehe kitu gani. Sasa anajua.

Kozi zote nyingine zimepita, zimepita kama maji, sheria za anga imepita, uchumi wa mashirika ya ndege imepita, usalama, masoko, huduma kwa abiria, zote amezisuka yeye, misimu miwili ya mvua amekaa nazo, amezipanga semista kwa semista, hii isitangulie ile, hii isimzidi mwanafunzi, na hawakugusa hata nukta, waliposhika hii moja tu ndipo Ronald, mshauri waliyemleta kutoka Dar, yule wa suti ya kubana na saa kubwa kuliko mkono, akaisoma kwa sauti kama anasoma mashtaka, "Ugawaji wa Zamu katika Viwanja Vidogo… mada ya kwanza, sheria za mfongo," akainua macho, "Samahani, mfongo ndiyo nini?" na kabla hajajibiwa akacheka, "With respect, Madam, hii ni aviation, siyo kilimo cha migomba, chuo mshirika kule nje wakiona hii tunaficha wapi sura?" na kamati ikacheka, hilo ndilo lililomuuma, si Ronald, Ronald hajui, Ronald angeliona hilo jani mkobani angedhani ni mboga, bali wale wengine, watu waliokunywa maji ya mfongo tangu tumboni mwa mama zao, waliooga humo, waliochapwa kwa kuchezea humo, nao wakacheka, tena wakacheka kwa nguvu ili mgeni asiwadhanie wanaujua. Hiyo ndiyo aibu, na si aibu yake.

Maana mfongo ni nini? Ni mfereji, basi, mfereji mwembamba wa maji unaotoka msituni huko juu, unateremka kwa kupindapinda katikati ya vihamba, mmoja tu, na nyumba ni nyingi, na kila nyumba ina migomba na kahawa na ng'ombe anayelia, na maji hayawezi kwenda kwa wote kwa wakati mmoja, kwa hiyo kuna zamu, leo wewe, kesho yule, na zamu ina kanuni zake ambazo kila mtu anazijua, na uwanja mdogo wa ndege ni nini? Ni njia moja ya kurukia na nafasi ya kuegesha ndege mbili, tatu ukijibana, na asubuhi kabla mawingu hayajashuka kila rubani anataka kutua yeye, kuna wa watalii, kuna wa maua, kuna wa dawa, sasa tofauti iko wapi, Ronald, nionyeshe kwa kidole, maji yakishapita hayarudi, na ndege iliyoko angani huwezi kuiambia ipaki pembeni kwanza isubiri… vitabu vyao vinafundisha viwanja vyenye milango mingi na treni ndani kwa ndani, vizuri, wasome, lakini wahitimu wa hapa wataajiriwa wapi, si ndiyo hivi viwanja vya changarawe, vyenye soksi ya upepo iliyochanika na mbuzi wa kufukuza kabla ndege haijatua.

Na changarawe anaijua, ameikanyaga, kabla hajawa mwalimu alikuwa mpokea abiria kwenye uwanja mmoja wa huko kusini ambao mpaka leo hapendi kuutaja jina, banda la mabati, benchi moja, na siku ile ndege ya kukodi ya watalii ilikuwa imejaza maegesho, imezimwa, haiondoki, kwa sababu abiria mmoja amerudi kambini kufuata kofia, kofia, jamani, na huku juu ndege ya wagonjwa inazunguka, inazunguka, inaomba nafasi, na mama mjamzito amelazwa kwenye pikapu kivulini mwa banda, ameshika ubavu wa gari mpaka vidole vimekuwa vyeupe, na meneja wa uwanja, kijana msomi, cheti chake kimetundikwa ukutani kwenye fremu, anafunua kitabu cha taratibu, anafunua, anafunua, "Hawa wamelipia nafasi, dada, siwezi kuwasukuma," na Gladness akamwambia, kwetu nyumba yenye mama mzazi haingoji zamu, maji yanakwenda kwake kwanza, wengine watangoja, na meneja akamtazama kwa huruma kabisa, "Kwenu ni wapi, dada? Hapa ni uwanja wa ndege…" Kofia ikaja, ilikuwa na kamba ya kufungia kidevuni, anaikumbuka mpaka kamba, ndege ya watalii ikaondoka, ya wagonjwa ikatua, mama alipona, mtoto hakupona. Na yule meneja hakuwa mtu mbaya, angekuwa mbaya ingekuwa rahisi, alilia siku ile nyuma ya tangi la mafuta, alikuwa mtu mwema aliyefundishwa vibaya, walimfundisha mashirika makubwa yanavyoungana, walimfundisha kuuza tiketi za daraja la kwanza, hakuna aliyemfundisha afanye nini ikiwa nafasi ni moja na wenye haja ni wawili, na hilo ndilo somo, hilo tu, kozi moja katika semista moja, ndicho anachokiomba, na ndicho wanachotaka aseme hana pingamizi kikitupwa.

"Madam, chai inapoa, nikuletee sukari?" Ni Mama Mwantum anayepitisha chupa na sahani ya maandazi, amesimama begani kwake, ananukia hiliki, "Bado, mama, asante," na kalamu ya Flavia inashtuka, na Dokta Primus anavaa miwani haraka, "Bado nini, Madam?" "Sukari, Mwenyekiti," na watu wanacheka tena, kicheko cha kupumua, na miwani inavuliwa tena, inafutwa tena, itatoboka leo hiyo miwani, na dirishani nyuma yake mlima umejifunika mawingu mpaka kiunoni, hautaki kuona, na mzee Sifael wa uhasibu, mtu mzima ambaye Gladness alimwamkia shikamoo mlangoni na kuitikiwa vizuri tu, anamwinamia kutoka kulia, ananong'ona kwa pumzi ya andazi, "Binti yangu, nyamaza, chukua idara kwanza, ukishakaa kwenye kiti hiyo kozi utairudisha mwenyewe, nani atakuuliza?" na kwa kweli lina utamu wake neno hilo, mkuu wa idara, ofisi ya ghorofani, mlango wenye jina, Lucky akiulizwa shuleni mama yako ni nani aseme… lakini nani aliwahi kuona mfongo uliohamishwa ukarudi kwa maneno, maji yakishazoea njia mpya ile ya zamani inaota majani, watoto wanacheza ndani yake, baada ya miaka hata wazee wanabishana kama ulikuwepo, hapana, mzee Sifael, kozi isiyoandikwa leo haitaandikwa, na mimi nitakuwa mkuu wa idara ya kofia.

Lakini isale. Linarudi pale pale, fundo ni fundo, amepokea, na mtu akipokea amesamehe, na aliyesamehe anawezaje kusimama mbele ya watu na kupinga, si atakuwa amemrudishia mtu jani usoni, si ndivyo alivyofundishwa, na nani alimfundisha kama si mama yake mwenyewe, Magdalena, siku ile ya mzee Efraimu jirani wa juu, hadithi hiyo kijiji kizima kinaijua, Efraimu alikuja jioni, isale mkononi, kofia kwapani, hapiti mlangoni, "Nisamehe, Mama Gladness," na mama, aliyekuwa anamenya ndizi, akafuta mikono, akauliza, "Umenikosea nini, baba Eliamini?" na Efraimu akatazama vidole vya miguu yake, "Utajua kesho," na mama akapokea, akasema nimekusamehe, akamfungia na ndizi za kupeleka nyumbani, na ndivyo mchungaji alivyoisimulia hata siku ya kumzika mama, akasema tazameni moyo wa mwanamke huyu, alisamehe kabla ya kujua kosa, watu wakalia, Gladness akalia, na hapo ndipo hadithi huishia kila mara… huishia hapo kwa sababu ya mchungaji, au kwa sababu ya kilio, maana haikuishia hapo, ngoja, haikuishia hapo, kulikuwa na kesho yake, yeye alikuwepo kesho yake, alikuwa nyuma ya mama na viatu mkononi kwa sababu ya tope.

Kesho yake ilikuwa zamu yao na mfongo ulikuwa mkavu, kokoto tupu na kaa mmoja anatangatanga, na mama hakupiga kelele, hakwenda kwa balozi wa nyumba kumi, alichukua jembe, akachukua na lile isale, lilikuwa na kishina chake, Efraimu alikuwa amelikata kwa chini, akapanda mteremko katikati ya migomba na Gladness nyuma, mpaka kwenye panda ya mfongo, na Efraimu yuko pale, amegeuza maji yote kwenda kwake, amesimama ndani mpaka magotini, na mama akamsalimu, hilo analikumbuka vizuri, akamsalimu kabisa, akamuuliza ng'ombe anaendeleaje, mama watoto je, kisha akashuka akaanza kuchimba tope, akaziba ule mwanya kwa udongo na vipande vya mgomba, anakanyaga kwa kisigino, anaziba, na maji yakasitasita, yakageuka, yakaanza kurudi kwao, na Efraimu akasema kwa mshangao wa kweli, kama mtu aliyedhulumiwa, "Mama Gladness, jamani, si ulinisamehe?" na mama, bila kusimama, "Nimekusamehe, ndiyo maana nimekuja na jembe sikuja na balozi. Msamaha ni wako, chukua. Maji ni yangu." Halafu akalichimbia lile isale pale pale kwenye panda, akalishindilia, akanyoosha mgongo, maana isale ni la msamaha na isale ni la mpaka, ni jani hilo hilo, halikuwahi kuwa mawili, na likashika, lipo mpaka leo, limekuwa kichaka, na Efraimu aliishi miaka mingi baadaye akilipita kila siku, wakisalimiana na mama, wakizikiana ndugu, na hakuligusa.

Ruwa wangu, kumbe. Kumbe ndivyo. Mbona ameubeba mzigo wote huu asubuhi nzima na ufunguo uko ndani ya mkoba huo huo, isale linakuja baada ya kosa, mtu amekosa, ameona aibu, analeta jani, hiyo ndiyo njia yake, sasa anayelileta kabla, anayelileta asubuhi ili akukosee mchana, huyo amesema nini? Amesema anajua! Primus anajua kozi ni nzuri, anajua mfongo si wa kuchekwa, anajua kabisa anachokwenda kufanya ni kosa, amelikiri kwa mkono wake, amelipiga fundo, hakuna aliyeapishwa mahakamani akakiri vizuri kuliko hivyo, amesahau tu kitu kimoja, kosa ambalo Mchagga peke yake ndiye angelifanya, alidhani jani linanunua ndiyo, na jani halikuwahi kununua kitu, jani linaomba moyo usiweke kinyongo, basi, moyo usiweke, na moyo wake hauweki, anaujaribu, anaubonyeza kama mtu anayebonyeza jipu aone kama bado linauma, hauumi, anamwona Primus pale na miwani yake na hofu yake, chuo mshirika kisije kikajitoa, cheti cha pamoja kisije kikapotea, wakubwa huko juu wameshaahidi, maskini, mtu mwenyewe hajalala, basi amemsamehe, tena kwa moyo mweupe, kwa kicheko na kwa mfongo na hata kwa hiyo idara aliyomwonyesha kama mtoto anayeonyeshwa peremende, amemsamehe yote, na kozi haiondoki, ikiondoka itaondoka kwa kura, kwa mikono iliyonyooshwa juu mchana kweupe, kila mmoja wao, mtoto wa mfongo, anyooshe mkono wake aseme mimi naifuta, na Flavia aandike majina, haitaondoka kwa ukimya wa Gladness, ukimya wake hauuzwi wala haugawiwi, na wakishaifuta ataileta tena kikao kijacho, na kijacho, atazeeka akiileta, mama hakuwa na digrii hata moja na alikuwa na jembe tu.

"Madam Gladness?" Dokta Primus anaita kama anayenong'ona, kwa upole, kwa adabu yake yote ya Kibosho, "Tunakusubiri, tuandike huna pingamizi?" na miwani iko mkononi, na kalamu ya Flavia iko pale pale juu ya karatasi, haijashuka, na Ronald anatazama saa yake kubwa, na mzee Sifael anatikisa kichwa kidogo kidogo, nyamaza, binti, nyamaza, na mlima bado umejifunika, na chai bado haina sukari, hakuna kilichosogea chumbani humu isipokuwa kitu kimoja ndani yake ambacho hakuna anayekiona, na ataanza na msamaha, ndiyo, atausema wazi wausikie wote, maana aliuahidi kwa kupokea na yeye si mtu wa kuvunja ahadi, kisha atasema lililobaki… Gladness anaweka kikombe chini, anafungua mkoba, analitoa jani na fundo lake, na analilaza mezani, kati yake na mwenyekiti, mahali pale pale ambapo mama angelichimbia.